Dhabihu kila asubuhi, na bado "hamkunirudia mimi"

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mwinjilisti wa mtaa, naandaa masomo ya Biblia ya wiki nne kuhusu toba, nami nimekwama Amosi sura ya 4. Mstari wa 4 na wa 5 unaonyesha Waisraeli wakipeleka dhabihu kila asubuhi, na zaka juu yake. Halafu kuanzia mstari wa 6 hadi wa 11 Mungu anarudia mara tano, "lakini hamkunirudia mimi". Je, "kurudi" hapa ndiyo "kutubu"? Na watu wa ibada kiasi hicho tutasemaje kwamba walikataa kutubu? Mzee mmoja wa kanisa anasema huenda hawakuelewa tu.

JIBU: Amina, ndugu mwinjilisti. Nianze na maneno yenyewe, maana ukiyashika hayo mengine yatafunguka.

Kiebrania kina vitenzi viwili ambavyo kwa Kiswahili huangukia kwenye neno letu "tubu". Cha kwanza ni shuv: kugeuka, kurudi. Ni kitenzi cha njiani kabisa. Naomi alipotoka Moabu kurudi Bethlehemu, ni shuv. Cha pili ni nicham, nacho ni cha moyoni: kujuta, kusikitika, kughairi. Katika Amosi 4 mara zote tano ni shuv. Kwa hiyo ndiyo, ni toba, ila ni toba inayopimwa kwa mahali mtu alipofika.

Na neno letu "tubu" lina undugu na hilo shuv. Tumelipata kwa Waarabu, taaba, na wataalamu wengi wa lugha za Kisemiti wanaona kwamba Waarabu nao walilipokea kutoka Kiaramu, tub, maana yake kurudi. Ile "sh" ya Kiebrania ndiyo "t" ya Kiaramu. Mkristo wa Kiswahili akisema "nimetubu", chini ya neno hilo mna "nimerudi". Waambie wanafunzi wako. Kila ninapolisema darasani naona watu wanainua vichwa.

Sasa angalia neno dogo linalofuata kitenzi hicho katika Amosi. Njia ya kawaida ya kusema "kwangu" ni elay. Amosi anasema aday, "mpaka kwangu", "hadi nilipo mimi". Wapo wanaosema maneno hayo mawili hubadilishana bila tofauti. Mimi sikubali, kwa sababu ad hiyo hiyo inatokea Hosea 14:1, Israeli anapoitwa arudi hadi kwa Bwana Mungu wake, na tena Yoeli 2:12, ambapo inaambatana na "kwa mioyo yenu yote". Ni neno la kufika. Ukilisoma Amosi 4 hivyo, lile fumbo lako linaanza kulegea: watu hawa waliondoka nyumbani, walifunga safari, walipanda Betheli na Gilgali na wanyama wao, kisha wakaishia hapo. Hawakufika mpaka kwake.

Kwa nini hawakufika? Hapa naomba twende polepole, maana hapa ndipo moyo wa swali lako ulipo.

Fungua Amosi 2:8. Nabii anawaona watu wakijinyosha kando ya kila madhabahu, na chini yao wametandika nguo zilizowekwa rehani. Nguo za nani? Za maskini waliokopa. Vazi lile la nje ndilo lililokuwa blanketi la mtu usiku, na Torati ilikuwa imeshalisemea: Kutoka 22:26 inaagiza kwamba ukichukua nguo ya mwenzako rehani, umrudishie kabla jua halijachwa, kwa sababu hana nyingine ya kulalia. Kitenzi cha "umrudishie" ni teshivennu. Ni shuv ile ile, katika umbo la kusababisha, kama sisi tunavyotoa "rudisha" ndani ya "rudi". Kiswahili kinakubeba vizuri hapa kuliko lugha nyingi, basi kitumie. Mtu aliyelala madhabahuni juu ya blanketi la jirani yake hajarudisha, na Mungu anamwambia: hujarudi. Sadaka yake ya asubuhi ilimkuta bado amelalia lile blanketi.

Usidhani hiyo ni lugha ya mashairi tu. Mwaka 1960, kwenye magofu ya ngome moja karibu na pwani ya Mediterania, kusini mwa Yavne-Yam, wachimbaji walipata kigae kilichoandikwa kwa wino, cha mwishoni mwa karne ya 7 KK, yaani zaidi ya miaka mia moja baada ya Amosi na katika ufalme wa Yuda. Ni malalamiko ya mvunaji kwa mkubwa wa ngome. Anasema alimaliza kipimo chake cha mavuno, kisha akaja mtu akamchukulia nguo yake. Anasema ndugu zake waliovuna pamoja naye juani watamshuhudia, na anaomba arudishiwe nguo. Nikikisoma na wanafunzi huwa nakaa kimya kidogo, kwa sababu ni sauti ya mtu mmoja, hata jina lake hatulijui, anayeingojea sheria ya Kutoka 22 itimizwe juu ya vazi lake.

Zama za Amosi zenyewe zilikuwa za neema. Yeroboamu wa Pili alitawala Samaria takriban 786 hadi 746 KK, na mipaka ilipanuka. Vigae vilivyopatikana Samaria mwaka 1910 vinaorodhesha divai na mafuta yaliyoletwa mjini, na machimbo ya baadaye yalitoa mamia ya vipande vya pembe za ndovu zilizochongwa, jambo linaloendana na vitanda vya pembe anavyovitaja Amosi 6:4. Hekalu lilijaa, ghala nazo zikajaa.

Sasa kuhusu hoja ya mzee wenu kwamba hawakuelewa. Tuipe heshima yake, maana ina mstari wa kuitetea: Yeremia 8:7 inasema korongo angani anajua nyakati zake, bali watu wangu hawaijui amri ya Bwana. (Korongo weupe hupita kwa makundi makubwa juu ya bonde la Yordani, na baadhi yao hufika mpaka nyanda zetu za Tanzania kabla ya kurudi kaskazini. Ndege wa kurudi hasa!) Lakini soma mistari mitatu iliyotangulia. Katika Yeremia 8:4-6 mzizi wa shuv unatokea mara sita, ukipindwa huku na huku: aliyegeuka akaenda zake, je, harudi? Mbona watu hawa wamegeuka mgeuko wa daima? Mstari wa 5 unafunga kwa maneno mawili, me'anu lashuv, "wamekataa kurudi". Hili me'en si neno la mtu asiyeelewa. Ndilo linalotumika kwa Farao akikataa kuwaachia watu katika Kutoka 7:14, na kwa Yusufu akimkatalia mke wa Potifa katika Mwanzo 39:8. Mtu amesikia, amepima, amesema hapana. Hosea 11:5 na Yeremia 5:3 wanatumia maneno hayo hayo mawili. Manabii watatu hawa, tukimhesabu Amosi na "hamkunirudia" yake, wanashuhudia jambo moja.

Tena walikuwa na ramani. Soma 1 Wafalme 8:33-40, maombi ya Sulemani. Anataja kushindwa vitani, mvua kuzuiliwa, njaa, tauni, ukavu, koga, nzige, na anaeleza la kufanya mambo hayo yakija: watu wageuke, wamrudie Bwana. Sasa weka Amosi 4 pembeni yake. Njaa, mvua iliyokatika ikiwa imebaki miezi mitatu kuvuna, ukavu na koga (maneno yale yale mawili ya Kiebrania, shiddafon na yeraqon), nzige, tauni, upanga. Mtu aliyewahi kuona mvua inakata mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanabeba ataelewa miezi mitatu ile ina maana gani. Kila pigo lilikuwa limeshaandikiwa jibu, na baada ya kila pigo Amosi anaandika kwamba jibu halikutolewa. Hiyo ndiyo sababu ya kurudiarudia mara tano.

Ukitaka vijana waone kukataa kwa macho, wapeleke Yeremia 36. Ni mwezi wa tisa, mwaka wa tano wa Yehoyakimu, kama Desemba ya 604 KK. Watu wamefunga. Inaelekea sababu ni Babeli, kwa kuwa kumbukumbu za Wababeli zinaonyesha Nebukadreza akiuteka Ashkeloni mwezi huo huo. Mfalme amekaa katika nyumba yake ya baridi, makaa yanawaka mbele yake. Yehudi anasoma gombo alilolisema Yeremia na kuandikwa na Baruku. Kila akimaliza safu tatu nne, kisu cha mwandishi kinapita, kipande kinaingia motoni. Elnathani, Delaya na Gemaria wanamsihi asilichome, hasikii. Kitenzi kilichotumika kwa kisu kile ni qara, kurarua, na mstari unaofuata, wa 24, unasema wala hawakurarua mavazi yao: qara tena. Mwandishi anamlinganisha na babake. Yosia, aliposomewa kitabu cha Torati mwaka wake wa 18, yapata 622 KK, alirarua mavazi yake, 2 Wafalme 22:11. Baba alirarua nguo, mwana akararua kitabu. Hapo hakuna wa kusema mfalme hakuelewa. Alisikiliza safu kwa safu.

Kuhusu nicham, itakufaa wiki ya mwisho. Yeremia 18:8 inaweka vitenzi vyote viwili pamoja: taifa likigeuka (shuv) na kuuacha uovu wake, mimi nitaghairi (nicham) mabaya niliyokusudia. Mwanadamu anarudi, Mungu anaghairi. Jibu la watu wa Yuda katika mstari wa 12 linaniuma kila nikilifikia: wanasema haifai kitu, tutafuata mawazo yetu wenyewe. Wamekwisha kukata tamaa na toba yenyewe, nao wanaigeuza tamaa hiyo iliyokatika kuwa kibali.

Mimi ningepanga hivi. Wiki ya kwanza Kutoka 22:26-27 pamoja na Amosi 2:6-8, na usitaje neno toba kabisa mpaka mwishoni. Ya pili 1 Wafalme 8 na Amosi 4, watu wawili wakisoma kwa zamu, mmoja pigo na ombi, mwingine "lakini hamkunirudia mimi". Ya tatu Yeremia 36. Ya nne Yeremia 18 na Hosea 14, kwa sababu Hosea 14:4 inasema Mungu ataponya meshuvah yao, huo mgeuko wenyewe, neno lile lile la Yeremia 8:5. Yaani hata ugonjwa wa kukataa kurudi una dawa aliyoiahidi yeye. Ukitumia Biblia ya Kiebrania, angalia namba: Hosea 14:1 yetu kwao ni 14:2, na Kutoka 22:26 yetu kwao ni 22:25.