Maswali ya Wasomaji: Mchimbaji wa Usiku Katika Boma la Kuku

SWALI: Nafuga kuku wa kienyeji 14 nyuma ya nyumba yangu huko Bahati, Nakuru. Katika majuma mawili nimepoteza watano, na kila mara nimekuta asubuhi shimo limechimbwa chini ya uzio, ingawa fundi alifukia waya ya kuku kiasi cha kiganja kimoja. Jirani ameniambia nitege nyama yenye sumu, lakini nina wajukuu wanaocheza uani. Nifanyeje?
Msomaji, Bahati

JIBU: Pole sana, Mama, na umefanya vyema kusita. Sumu haichagui mlaji: mbwa wa jirani ataila, mtoto anaweza kuigusa, na tumbusi atakayeushukia mzoga atakufa pia. Isitoshe, kuua mnyamapori bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013.

Kabla ya kununua chochote, chekecha majivu ya jikoni, uyanyunyize jioni mahali palipochimbwa, kisha usome nyayo alfajiri. Mbwa huacha alama za vidole vinne. Nguchiro na nyegere huacha vitano, na kucha ndefu za miguu ya mbele ya nyegere huchora mbali mbele ya vidole. Ukiona alama hizo, kagua pia mbao za banda, maana nyegere hung'oa ubao dhaifu.

Waya ile ya matundu ya pembe sita ilisukwa ili kuku wasitoke. Haimzuii mnyama mwenye kucha, na ikifukiwa penye unyevu huliwa na kutu mapema. Udongo wa kwenu nao, uliotokana na majivu ya volkano, huchimbika kwa urahisi, kwa hiyo singekushauri utumie fedha kuchimba mtaro mrefu wa kushusha waya ileile. Ninachopendelea ni wavu mgumu, ule ambao nyaya zake zimechomelewa zinapokutana, ulazwe ardhini nje ya uzio. Mnyama huanza kuchimba pale pua yake inapogusa kizuizi. Akikuta wavu chini ya kucha zake husogea pembeni, akakutana na wavu uleule, wala kwa kawaida hafikirii kurudi nyuma hatua nzima ili aanzie huko.

Nunua wavu wenye upana wa futi 3 na matundu ya nusu inchi, ili panya nao wasipite. Ukunje, futi 1 isimame ikiwa imefungwa kwenye uzio kwa waya ya kufungia, na futi 2 zilale kuelekea nje. Parua udongo wa juu sentimita 5 hivi, ulaze wavu, uupigilie vigingi, ufunike kwa udongo na mawe. Nyasi zitakapoota ndani ya matundu zitaushika kuliko kigingi chochote. Vipande viwili vinapokutana vipandane kwa shibiri moja. Usisahau mlango, ambao mafundi wengi huuacha na upenyo chini yake: mimina kizingiti cha zege hapo, au uzike jiwe refu.

Fedha zikiwa chache, anza na banda la kulala kabla ya uwanja wa mchana, kwa kuwa hasara yako yote imetokea usiku.

SWALI: Huku Ahero udongo ni mweusi na hupasuka wakati wa kiangazi. Je, ukanda mwembamba wa zege chini ya uzio utatosha?
Msomaji, Ahero

JIBU: Hautadumu. Udongo huo hufura kwa mvua na kusinyaa kwa jua, na zege nyembamba isiyo na msingi itapasuka pamoja nao, iache mianya ambayo nguchiro ataitumia. Wavu wa kulazwa unaweza kufuata mwendo wa udongo, mradi uzibe nyufa kila kiangazi. Hata hivyo, kwa kuwa uwanda wa Kano hufurika, mimi ningeliinua banda lenyewe juu ya nguzo futi 3 kutoka ardhini, sakafu ikiwa ya mbao zilizobanana, na ngazi ya kuku iondolewe kila magharibi baada ya mlango kufungwa.