Maswali ya Karakana: Benchi Linalocheza

SWALI: Ninatengeneza pawatila na mashine za kusaga hapa Uyole, Mbeya. Benchi langu la mbao lina miguu ya inchi nne kwa nne, lakini nikibana shafti kwenye jiliwa (kile kibano cha chuma cha mezani) na kuigonga, meza nzima inacheza. Nimeongeza misumari, wapi! Sasa nataka kuchomelea la chuma. Ninunue chuma cha unene gani?

JIBU: Ndugu fundi, kabla ya unene, tazama fremu. Miguu na vyuma vya mlalo peke yake hufanya mstatili, na mstatili ukisukumwa hulala upande hata uwe mnene. Msumari hausaidii, kila pigo la nyundo hupanua tundu lake. Dawa ni mshazari, yaani chuma cha kutoka kona hadi kona: weka mmoja nyuma na mmoja kila ubavu. Mbele acha wazi, miguu yako ipate nafasi.

Kwa fremu, skwea paipu (bomba la pembe nne) ya milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 3, inatosha. Zile nyepesi za madirisha ziache kabisa: hutoboka zikichomelewa na hubonyea bolti ikikazwa. Juu weka bamba la milimita 6, na chini yake vyuma vya kukingama kila sentimita 45. Bamba la sentimita 180 kwa 70 lina karibu kilo 60, na uzito huo unakusaidia.

Fremu ishike kwa pointi kwanza, yaani vidoa vidogo vya weldi, kisha pima kona kwa kona. Kwa vipimo hivyo, mishazari yote miwili isome karibu sentimita 193. Ikipishana zaidi ya milimita 3, irudishe fremu kwa nyundo kabla ya kumalizia. Bamba usilizungushie weldi mfululizo, joto litalikunja. Lichomelee kutokea chini, vipande vya sentimita 3 kila baada ya 20, ukihama upande hadi upande.

Jiliwa likae juu ya mguu, kamwe si katikati ya miguu. Taya la nyuma litokeze kidogo nje ya ukingo, ili bomba refu liweze kusimama wima. Midomo yake ifike usawa wa kiwiko chako. Kwa hiyo pima kimo cha jiliwa kwanza, ndipo ukate miguu.

Mwisho funga miguu kwenye zege. Palipo na uwazi chini ya mguu, jaza vipande vya bati kabla ya kukaza, la sivyo bolti itaivuta fremu ipinde.

SWALI: Mimi ni seremala, Iringa. Paini ya Mafinga inafaa kwa uso wa benchi?

JIBU: Inafaa, ikiwa ya inchi mbili na imekauka. Ukiifunga mbichi wakati wa mvua, kiangazi itasinyaa upana na unene: mbao zitaachana, bolti zitalegea. Ipange kivulini, vijiti kati ya ubao na ubao, upepo upite. Matundu ya bolti kwenye fremu yafanye marefu kufuata upana wa ubao, ili usinyae bila kupasuka.