Wengi Wanabaki Palepale Walipolelea Watoto

Swali la wiki hii lilikuwa: Wamarekani waliozaliwa kati ya 1946 na 1964, kile kizazi kikubwa cha baada ya vita, wanachagua kuishi wapi uzeeni? Kwa kuwa kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao huko Massachusetts, kazi inayofanywa na Waafrika Mashariki wengi, najibu kwamba wengi hawahami kabisa.

Wapo wanaofuata joto. Sun City ya Arizona, iliyofunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya wastaafu, ilifungua njia, na The Villages ya Florida, mji mwingine wa wastaafu, ndiyo iliyokua kwa kasi kuliko maeneo yote ya miji nchini kati ya sensa ya 2010 na ile ya 2020. Hata hivyo, hao ni wachache.

Anayebaki ana sababu za msingi: nyumba imekwisha kulipiwa, au ina mkopo wa riba ndogo ya mwaka 2020 au 2021, na majirani anawajua. Tatizo ni kwamba nyumba yenyewe ilijengwa kwa ajili ya vijana wenye watoto. Vyumba vya kulala viko juu, bafu lina ukingo wa kuruka, na duka halifikiki bila gari, kwa hiyo siku mzee anapoacha kuendesha, dunia yake yote inabaki sebuleni. Wengi hudhani Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, italipia mtu wa kuwaogesha na kuwavisha kila siku. Hailipi, ikiwa hilo ndilo hitaji pekee, na mzigo humwangukia binti au akiba.

Nyumba ndogo isiyo na ngazi katika mtaa uleule ingewafaa wengi, lakini mara nyingi haipo, kwa sababu kanuni za matumizi ya ardhi katika vitongoji vingi huruhusu nyumba ya familia moja tu kwa kila kiwanja. California imelegeza kanuni hizo ili watu wajenge nyumba ndogo uani, na naona majimbo mengine yafanye hivyo bila kuchelewa. Huko Boston, wakazi wa mtaa wa Beacon Hill waliunda chama kilichoanza kazi mwaka 2002, ambacho wanachama hulipa ada na kusaidiwa usafiri na matengenezo ya nyumba; mpango huo umeigwa kwingi, ingawa mitaa ya maskini, ambako ada hailipiki kwa urahisi, bado inausubiri.