Mikono yako, Hamisi

Mwanangu Hamisi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza uache uhandisi wa umeme au uendelee, kwa kuwa mkono haukutii. Ukilehemu, miguu ya rezista, vile vidude vya kupunguza mkondo wa umeme, inakatika, wenzako wanamaliza wewe hujafika nusu, na mwalimu wa karakana amekucheka mbele ya darasa zima.

Mimi nimebaki najiuliza jingine: mikono hiyo niliiharibu mimi?

Ile kanzu ya Idd. Ulikuwa na miaka 9, nikakupa ukate nyuzi zilizobaki kwenye omulera, ile tarizi ya kifuani. Mkasi ukaingia kitambaani, palepale kifuani, na mwenye kanzu yuko kwenye benchi anasubiri. Nikasema, "Mikono hii ni ya kubebea majerikeni tu." Watu wakacheka. Nawe ukacheka. Hicho kicheko chako ndicho kinachoniuma hadi leo.

Baba yako anasema ulizaliwa hivyo, mbona dada yako alikufunga vifungo vya shati mpaka darasa la tano. Sawa. Lakini nani alikuambia mbele za watu? Mama yako.

Nguo hushonwa na jicho, sindano inafuata tu. Unacheka, najua, umelisikia tangu utotoni. Basi ikumbuke ile cherehani iliyoruka mishono wiki nzima. Fundi alikula pesa yangu mara mbili. Wewe ukachuchumaa, ukaitazama nikiizungusha polepole kwa mkono, ukasema, "Mama, sindano haijapanda mpaka juu, ndoano inapita bila kuukuta uzi." Skrubu yenyewe ilikushinda. Ulionyesha kwa kidole, nikalegeza, nikaisukuma sindano juu, nikakaza. Ikashona! Mtaa mzima wa Walukuba nilitangaza.

Haya, najua utakachosema: chuo hakitoi maksi za jicho. Kweli. Na mimi fundi asiyejua kutunga uzi nisingempa kazi. Lakini fundi si mhandisi. Baba yako amezeeka pale kwenye bwawa la umeme la Nalubaale, kwenye mitambo 10, anasema wahandisi aliwaona na michoro, bisibisi walishika mafundi. Ila na wao walipita karakana kwanza, sivyo? Ndiyo maana sitaki kukudanganya.

Omba uongezewe muda, usione haya. Waya upake lehemu kwanza kabla ya kuunganisha. Na kibao unacholehemu usikishike kwa mkono, kibane, mkono mmoja ubaki huru.

Ukinibana nikuambie uache au ubaki, nitasema... hapana, sisemi. Niliwahi kusema mara moja kuhusu mikono yako, yanatosha.

Dada yako anakuja Kampala Jumamosi. Nimempa ile jiliwa ndogo ya kubania kibao, inakazwa kwenye ukingo wa meza. Baba yako akikuuliza, hujaiona, anaitafuta tangu jana.

Mama yako, Jinja