Kabla hujavaa hedifoni: ushauri kwa anayekwenda kutafuta dhahabu porini Australia Magharibi

Tangu picha ya kipande changu cha dhahabu cha gramu nne izunguke kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania wa Perth, haipiti wiki bila mtu kunipigia. "Kaka, detekta gani ninunue?" Anamaanisha kile kifaa kinacholia kikipita juu ya metali iliyofukiwa ardhini. Namjibu kwa furaha. Lakini kuna maswali mengine ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, na ndiyo yanayoninyima usingizi nikisikia kijana anajiandaa kwenda: utabeba maji lita ngapi, nani anajua ulipo, na ukishatoka kwenye gari utarudije?

Ninakozungumzia ni Goldfields, ukanda wa dhahabu wa jimbo hili. Ukitoka Perth unakwenda mashariki karibu kilomita 600 hadi Kalgoorlie, kisha unashika njia ya kaskazini: Menzies, Leonora, na ukipinda mashariki unafika Laverton. Watafutaji wawili, Bayley na Ford, walipata dhahabu Coolgardie mwaka 1892, na Juni 1893 Paddy Hannan na wenzake wakaiokota Kalgoorlie. Dhahabu ilikuwepo, maji hayakuwepo. Watu walichemsha maji ya chumvi kutoka mabonde ya ziwa ya huko, ambayo muda mwingi ni makavu, wakakinga mvuke wake, na homa ya matumbo ikawaua wengi. Makaburi yao yapo Coolgardie hadi leo. Bomba la maji kutoka Mundaring, karibu na Perth, lilifika 1903. Sasa ukiacha lami na kuingia porini kilomita 30 tu, umerudi kwenye nchi ile ya kabla ya bomba.

Mimi nimekulia Kahama. Sauti ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nimeizoea tangu utoto, na maduara, yale mashimo marefu ya wachimbaji, nimeyaona kabla sijajua kusoma. Nilipoanza kwenda porini huku nilijiona mwenyeji wa kazi hii. Julai ya mwaka wangu wa pili nilifundishwa.

Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu wa Lubumbashi ambaye namwita yaya, maana kwao yaya ni kaka mkubwa. Tulipiga kambi kaskazini ya Menzies, mbali na lami. Baada ya chakula cha mchana nikamwambia natembea kidogo upande ule wa mawe meupe, nikachukua detekta, sururu, na chupa ya maji ya lita moja. GPS niliiacha juu ya dashibodi, kwa sababu nilikuwa naliona gari.

Ambaye hajatumia detekta ni lazima aelewe inamfanya nini mtu. Unatembea umeinama, macho kwenye ile sahani ya detekta inayopita sentimita mbili tatu juu ya ardhi. Hedifoni zimeziba masikio. Upepo husikii, ndege husikii, unasikia mvumo mmoja tu, laini kama wa friji. Ghafla mvumo unapanda na kushuka. Unasimama. Unapitisha sahani tena, sauti ipo. Unakwangua udongo mwekundu kwa sururu, na kwanza unapitisha sumaku iliyofungwa kwenye sururu hiyo hiyo, maana mara nyingi ni msumari. Sumaku ikitoka tupu, moyo unaanza kwenda mbio. Unachota udongo kwa kikombe cha plastiki, unaupitisha juu ya sahani. Sauti imo kikombeni. Unamwaga nusu kiganjani, unajaribu tena. Nusu ya nusu. Mwisho kiganjani kunabaki kokoto tatu, na moja ni nzito kuliko ukubwa wake. Unaisugua kwa kidole gumba chenye mate, inaonyesha rangi.

Siku ile haikunionyesha rangi. Ilinipa risasi ya bunduki iliyobondeka, misumari ya viatu vya wachimbaji wa zamani, na kipande cha kiatu cha farasi. Kila sauti ilinivuta hatua kumi huku, hatua ishirini kule. Nilipoinua kichwa kunywa maji yalikuwa yamebaki mafunda mawili, jua limeshuka, na gari halipo. Nikageuka nyuma: mulga, migunga ya huku. Nikageuka tena: mulga. Pori la mulga ni kama mti mmoja uliorudiwa mara laki. Hakuna kilima wala mto, na ardhi ni ngumu kiasi kwamba nyayo zako mwenyewe huzioni. Nikaanza kutembea haraka. Kisha nikakimbia. Hapo ndipo nilipokosea zaidi ya kote, maana kila hatua ya kukimbia ilinipeleka upande usio wa kambi.

Kilichoniokoa ni giza. Upepo ulitulia, nikachoka, nikakaa chini ya mti. Usiku wa Julai kule baridi inashuka karibu na sifuri, na mimi nilikuwa na fulana na shati jepesi. Kama saa mbili unusu nikasikia honi, mbali sana, mara tatu. Kimya. Mara tatu tena. Nikaifuata taratibu, nikisimama kila ikinyamaza nisije nikapinda. Yaya alikuwa ameelekeza taa za gari kwenye matawi ya juu, na moto mkubwa ameukoka. Hakunigombeza. Alinipa chai, akanifunika blanketi, akanyamaza muda mrefu. Asubuhi tukapima: nilikuwa nimepotea umbali wa kilomita 1.3.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, nao una uzito kuliko mwingine wote: vitu vya kukuokoa vikae mwilini mwako, visikae garini. GPS iwe shingoni au kifuani, kambi imeshawekewa alama kabla hujapiga hatua ya kwanza, betri za akiba mfukoni. Maji lita tatu mgongoni hata kama unakwenda nusu saa. Filimbi, kiberiti, koti jepesi, fulana ya kuakisi mwanga. Hedifoni achia sikio moja wazi. Kila dakika ishirini simama, zivue hedifoni kabisa, angalia jua liko wapi (mwezi wa sita na wa saba saa sita mchana linakuwa kaskazini) na angalia GPS inasemaje. Na mkubaliane na mwenzako saa ya kurudi, na honi: sisi ni tatu kila robo saa kuanzia saa kumi na moja jioni, mpaka mtu aonekane.

Ukigundua umepotea, kaa. Najua mwili unakataa, nimeupitia ukataaji huo. Kaa kivulini, piga filimbi, wakikutafuta wataanzia pale ulipoonekana mara ya mwisho. Gari likikwama au kuharibika ni hivyo hivyo, usiliache. Rubani analiona gari kirahisi, mtu chini ya mulga hamwoni.

Simu isikudanganye. Ukitoka kwenye miji midogo mtandao unakatika, na namba ya dharura 000 inahitaji mtandao. Nunua bikoni ya dharura, ile ndogo inayotuma ishara kwa setilaiti kwenye masafa ya 406 MHz. Kuisajili kwa mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia, AMSA, ni bure, na ukiisajili wanajua ni ya nani na wampigie nani. Angalia tarehe ya mwisho ya betri yake. Najua bei inauma. Lakini mtu aliyetoa maelfu ya dola kununua detekta asiniambie hana fedha ya bikoni.

Maji: mimi nahesabu lita kumi kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa, halafu naongeza za siku tatu ambazo sitarajii kuzitumia. Nayagawa kwenye madumu kadhaa, maana dumu moja kubwa likipasuka njiani umebaki na vumbi. Na nakwenda kati ya mwishoni mwa Aprili na Septemba. Kiangazi cha huku joto linapita nyuzi 40 siku kwa siku, na sijaona dhahabu ya kumfanya mtu aende Januari.

Kuhusu gari nitasema machache. Beba tairi mbili za spea, maana visiki vya mulga vinatoboa tairi ubavuni, na pancha ya ubavuni haizibiki. Beba kompresa ili ukipunguza upepo kwenye mchanga uweze kuurudisha. Usiendeshe jua likizama wala usiku. Kangaruu na ng'ombe wanakuja barabarani. Chungulia chini ya gari mara kwa mara utoe majani makavu yaliyonasa karibu na bomba la moshi, yanawaka. Mvua ikinyesha, barabara za udongo zinafungwa na kupita ni kosa lenye faini. Kaa kambini usubiri ikauke.

Sasa vibali, ambapo wenzetu wengi wanateleza kwa sababu kwetu tumezoea mtu akisikia kuna rashi, yaani dhahabu imetoka na watu wanamiminika, mahali fulani anabeba sururu na kwenda. Huku unahitaji Miner's Right, kibali cha mtafuta madini, kutoka idara ya madini ya jimbo. Unailipia mara moja na haina tarehe ya kuisha. Peke yake haikupi ruhusa ya kuingia popote. Kwenye eneo lenye leseni ya utafiti ya kampuni unaomba kibali cha 40E, cha miezi mitatu. Kwenye leseni ya uchimbaji unahitaji ruhusa ya mwenyewe. Ramani ya mtandaoni ya idara, TENGRAPH, inaonyesha nani ameshika kipi. Iangalie wiki hiyo hiyo unayokwenda, si mwezi uliopita.

Na ardhi nyingi ni ranchi za ng'ombe na kondoo, kubwa kuliko baadhi ya wilaya zetu. Mpigie simu mwenye ranchi kabla hujafika. Si adabu tu. Mzee mmoja niliyempigia aliniambia njia niliyopanga kupita imekatwa na mvua na akanielekeza nyingine. Bila simu ile ningekwama. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Usipige kambi karibu na birika la kunyweshea, kwa sababu ng'ombe wakikuona hawaji kunywa, na huenda hakuna maji mengine kwa kilomita nyingi. Kuna pia maeneo matakatifu ya wenyeji asilia yanayolindwa na sheria. Ukikuta mawe yaliyopangwa au michoro kwenye mwamba, usiguse, zunguka. Na kila shimo ulilochimba lifukie kabla hujaondoka, hata la kina cha kiganja.

Maduara ya zamani. Hapa naomba nisikilizwe hasa na vijana wa Geita, Kahama na Chunya. Pori lile lina maelfu ya maduara yaliyoachwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Vifusi vyake vina dhahabu, ndiyo maana sote tunavizunguka na detekta. Lakini mdomo wa duara umeliwa kwa ndani. Unaposimama unaona ardhi ngumu, chini yake ni hewa. Magogo yaliyoshikilia kingo yameliwa na mchwa. Mengine yamefunikwa kwa bati lenye kutu na mchanga juu yake, huyaoni kabisa. Usisogelee ukingo, usitembee eneo hilo usiku, na usishuke kwa kamba eti kwetu tulishuka. Kwetu tulishuka huku juu kuna watu kumi na winchi. Kule chini hewa inaweza kuwa mbaya, na juu hakuna mtu.

Nyoka wapo, hata kipindi cha baridi kukiwa na siku ya jua. Vaa buti refu na kinga ya miguu. Akikuuma, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana damu, na jiwe la nyoka liache nyumbani. Funga bendeji ya kubana, pana, kuanzia vidoleni hadi juu ya kiungo chote, kwa mkazo wa kama aliyeteguka kifundo. Funga na kijiti kiungo kisikunjike, lala, usitembee hata hatua, washa bikoni. Usioshe palipoumwa. Sumu ya nyoka wa huku husafiri kwa mkondo wa limfu, majimaji ya mwilini yasiyo damu, na bendeji pamoja na kutulia kabisa vinaichelewesha mpaka wafike, mara nyingine ni ndege ya Royal Flying Doctor Service, madaktari wa angani walioanza kazi 1928. Utaratibu huu ni wa nyoka wa Australia. Usiuhamishie kwa kifutu wa kwetu, ambaye sumu yake huozesha nyama, na kuibana mahali pamoja kunaweza kuongeza madhara.

Mwisho ni karatasi. Kila safari namwachia mke wangu karatasi moja, anaibandika kwenye friji. Ya wiki ijayo nimeshaiandika: namba ya gari na rangi yake, majina yetu wawili, simu ya mwenye ranchi, alama za kambi kwenye ramani, njia ya kwenda na njia ya kurudi, namba ya bikoni. Chini yake kwa kalamu nyekundu: "Nitapiga simu Jumapili kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ikifika saa mbili usiku sijapiga, usimpigie ndugu wala rafiki kuuliza. Piga polisi, wasomee karatasi hii."