Kuhama kutoka pikipiki ndogo kwenda kubwa: mguu ndio unaochelewa kuhama

Kwa miaka sita nilizunguka vijiji vya Sikonge, mkoani Tabora, nikinunua asali, na miaka yote hiyo nilipanda pikipiki moja tu, Boxer ya cc 100, ambayo niliijua kama mtu anavyoujua mlango wa chumba chake gizani. Iliwaka kwa kiki moja hata asubuhi za baridi ya Juni, haikuwa na makuu katika mafuta, na ilipoharibika nilipata spea katika kila senta yenye maduka mawili na fundi mmoja. Kisha nikahamia Honda ya cc 250, ya zile za porini, ndefu na yenye gia sita. Wanaotaka kufanya kama nilivyofanya huniuliza habari za nguvu, bei na ulaji wa mafuta. Maswali hayo ni ya haki, lakini mimi huwajibu kwa kuwauliza ni mazoea gani ya pikipiki ndogo yaliyowakaa mikononi na miguuni, kwa sababu kilichonihangaisha mimi kilikuwa hayo mazoea, wala haikuwa injini.

Chukua mfano wa gia. Boxer yangu ilikuwa na gia nne, zote za kukanyaga mbele, na ukitaka kurudisha unakanyaga nyuma kwa kisigino. Honda, kama zilivyo pikipiki nyingi kubwa, namba moja inaingia kwa kukanyaga, na zinazofuata zote zinaingia kwa kuinua pedeli ya gia kwa ncha ya kiatu. Jambo hili nilielezwa siku ya kununua, nikalielewa, nikaondoka nikiwa na uhakika kwamba nimelielewa. Siku ya nne, nikiwa kwenye lami ya kwenda Sikonge, gia ya nne, spidi 70 hivi, nikataka kuongeza gia. Kichwa kilijua la kufanya lakini mguu ulikuwa bado uko kwenye Boxer: ukakanyaga mbele, mara mbili, harakaharaka kama ulivyozoea. Nilipoachia klachi injini ilipiga ukelele, tairi la nyuma likakwaruza lami, na mkia wa pikipiki ukaenda kulia, ukarudi kushoto, ukaenda tena kulia. Sikuanguka, ila nilisimama kando ya barabara chini ya mwembe kwa muda mrefu kuliko safari ilivyodai, na muuza mahindi aliyekuwa pale akanipa pole bila kuuliza kitu.

Tangu hapo ushauri wangu ni kwamba katika wiki mbili au tatu za mwanzo upande ile mpya tu, ya zamani usiiguse hata kwenda dukani. Ukiweza, jioni isimamishe pikipiki mpya uani ikiwa imezimwa, ukae juu yake na ubadilishe gia za kuwaza tu, huku ukizitaja kwa sauti, kupanda na kushuka. Mke wangu alicheka sana. Hata hivyo siku ya kumi hivi mguu ulianza kutii bila kuagizwa.

Zoea la pili ni la kutua miguu. Kwenye pikipiki ndogo nyayo zote mbili zinafika chini, kwa hiyo mtu hasimami kwa breki, anasimama kwa miguu. Siti ya pikipiki ya porini iko juu. Mtu wa kimo changu anafika kwa ncha za vidole, na mahali penye shimo hafiki kabisa. Niliiangusha kituo cha mafuta, ikiwa imesimama, mbele ya vijana wa bodaboda wasiopungua kumi, kwa sababu tu niliteremsha mguu wa upande ambao sakafu ilikuwa imeinama. Simama kwa mguu wa kushoto, mahali ulipopachagua mapema, wa kulia ubaki kwenye breki ya nyuma. Na ikilala, usiinyanyue kwa mikono kama gunia. Zima injini, igeuzie mgongo, uweke makalio kwenye ubavu wa siti, shika usukani na chuma cha nyuma, kisha sukuma kwa miguu kwa hatua fupi za kurudi nyuma.

Breki ndipo ningependa msomaji akae zaidi. Wengi wetu huku tumejifunza kuogopa breki ya mbele, na wapo wanaoilegeza kabisa wakiamini kwamba inapindua. Kwenye pikipiki nyepesi inayotembea spidi 40, breki ya nyuma peke yake inakusamehe. Kubwa haitakusamehe, kwani spidi ikizidishwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki ileile unakuwa mara nne. Na unapofunga breki uzito mwingi unaegemea mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi na kuteleza, huku la mbele ndilo lenye nguvu ya kushika. Kinachopindua ni kuikamata ghafla, au kuikamata ukiwa umekata kona, au kwenye mchanga. Nilikwenda alfajiri kwenye kiwanja cha mpira cha mtaani, nikaweka tofali moja kama alama, nikajizoeza kuibana kwa vidole viwili, taratibu kisha kwa nguvu, kuanzia spidi 20 hadi 50, mpaka nikawa nakadiria nitakapoishia kabla sijafika. Nusu saa kwa siku tano ilitosha kuniondolea hofu niliyoibeba miaka sita.

Kwenye mchanga, na ukishapita Ipole na kuacha lami mchanga utakutana nao, ile desturi ya kukanyaga chini kama bata haifai tena, maana pikipiki ni nzito na itakuvunja kifundo. Simama juu ya vikanyagio, tazama mbali, shikilia mafuta yaleyale, uiache icheze kidogo chini yako.

Nikiri pia jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Kwa mzigo, ile ndogo ni bora. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo 28 hivi, si 20, na ndoo mbili zikifungwa kwenye keria iliyo juu namna ile, pikipiki ndefu inataka kulala kila ukipunguza mwendo. Mimi kubwa naitumia kwenda kukagua mizinga na kupatana bei, mzigo unafuata kwa gari. Anayeishi kwa kubeba ningemwambia abaki alipo, au atafute ya cc 150 iliyo chini. Spea nazo ni mtihani: sahani za klachi zangu zimetoka Kariakoo kwa basi, na nilizisubiri siku nne.

Karatasi ni za haraka kuzieleza. Leseni ya daraja A1 ni ya pikipiki zisizozidi cc 125. Zaidi ya hapo unahitaji A. Unaponunua iliyotumika, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi kwa macho yako mwenyewe. Na unapouza ya zamani, hakikisha umiliki umehamishwa TRA, yaani mamlaka ya mapato, kwa kuwa faini za barabarani hufuata namba ya pikipiki, na mwenye jina ndiye atakayetafutwa.

Yangu niliiuza mvua zilipokatika, kwa kijana wa Urambo aliyekuwa ndiyo kwanza amepata leseni. Nilimwonyesha kiki inavyotaka kupigwa, nikamwambia, "Gia zote mbele, mdogo wangu, usisahau." Akanitazama kwa mshangao kidogo. "Kwani kuna za kwenda wapi, kaka?"