Mlingoti, Jiko la Jirani na Mita 1.6 Nilizozisahau

Mti wa mlingoti (mkaratusi) ulikuwa nyuma ya nyumba yetu, Mafinga, na upande pekee wa kuuangushia ulikuwa ule wenye jiko la nje la jirani, mita 18.5 kutoka shinani. Fundi wa msumeno aliutazama akasema, "Haufiki." Mimi niliyekaririshwa SOTOCA HAH, kifupi cha kukumbukia kanuni za sini, tanjenti na kosini, kidato cha pili nikasema ngoja tupime.

Nilirudi nyuma mita 20. Kipimapembe cha mtoto nikakipindua, ukingo ulionyooka ukawa juu, na katikati yake nikafunga uzi wenye nati. Unachungulia kilele kwa kufuata ukingo, uzi unaning'inia kwenye namba. Namba hiyo siyo pembe yako. Itoe kwenye 90. Uzi ulisoma 48, kwa hiyo pembe ni 42. Umbali ninao, kimo ndicho nakitafuta, basi ni tanjenti, yaani kimo gawanya kwa umbali. Tan 42° ni 0.9004, zidisha kwa 20, unapata mita 18. (Kikokotoo cha simu kikiwa kwenye radiani badala ya nyuzi kitakupa karibu mita 46. Mlingoti huo sijauona hata kwenye shamba la miti la Sao Hill.)

Nusu mita inabaki. Tukakata. Kilele kikatua juu ya bati.

Jirani alinisalimia "kamwene" kama kawaida, kisha akasema, "Mwanangu, hesabu zako zimelala juu ya masufuria yangu."

Kuzidisha sikukosea. Ila pembetatu yangu haikuanzia ardhini, ilianzia machoni, mita 1.6 kutoka chini. Mti ulikuwa na mita 19.6. Kimo cha jicho kiandike kabla hujagusa tanjenti, maana jibu likishatoka mtu huridhika.

Halafu huku kwetu ardhi haijalala. Shina likiwa bondeni kuliko ulipo, pima pembe mbili: ya kupanda hadi kileleni, ya kushuka hadi shinani. Kila kipande kitafute kwa tanjenti yake, kisha jumlisha. Hapo kimo cha jicho hukihitaji. Na futi kamba ivutwe usawa, isifuate mteremko. Mita 20 kwenye mteremko wa nyuzi 15 ni mita 19.3 tu kwa usawa.

Mabati mawili nilinunua mimi. Fundi, aliyesema haufiki, hakuchangia hata msumari.